Uliza Tukujibu: Ametoka Maweni, Anataka Chuo

SWALI: Mpwa wangu ametoka Gereza la Maweni baada ya miaka sita. Ana miaka 27. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2016, akapata D nne: Kiswahili, Uraia, Historia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Vyeti vimepotea. Ana hamu ya kufika chuo kikuu, lakini majirani wanamwambia asijisumbue, jela imeshamharibia. Tuanzie wapi? (Shangazi, Ngamiani)

JIBU: Shangazi, majirani wanamkatisha tamaa bure. Sifa za kujiunga zinazotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, hupima ufaulu, hazipimi hukumu. Wanaotoka gerezani hukwamishwa zaidi na makaratasi na kalenda, kwa hiyo anzeni huko.

Kwanza ipatikane namba yake ya mtihani, ile inayoanza na S na kuishia na mwaka. Akiwa ameisahau, aende shule aliyosoma. Vyuo huhakiki ufaulu kwa namba hiyo. Kuhusu cheti, aripoti polisi apate hati ya upotevu, kisha apeleke maombi Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinaombwa kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, na kitambulisho cha taifa NIDA. Angalieni jina, herufi kwa herufi. Huku kwetu pwani mtoto huandikwa Athumani shuleni na Othman NIDA, na nyumbani hakuna anayeona tofauti. Mfumo wa maombi unaiona. Lirekebishwe sasa, siyo wiki ya mwisho ya udahili.

Sasa zile D nne. Ngazi ya cheti katika chuo cha kati inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Kwa hesabu hiyo anayo matatu, na inauma kuligundua hili ukiwa umeshalipia maombi. Arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa Januari, na ukichelewa unalipa faini juu ya ada. Aende kituo cha mtihani, apewe namba rejea, alipe, ajisajili. Mtihani ni Novemba. Tunamshauri achukue masomo matatu hata kama anahitaji moja tu, maana moja likianguka mwaka mzima umepotea. Akiwa na nia ya fani za afya, Kemia na Biolojia hazikwepeki. Wakati wa kuomba chuo aandike namba zote mbili, ya 2016 na hiyo mpya.

Baada ya hapo ni miaka mitatu, kutoka cheti mpaka stashahada. Stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 au zaidi ndiyo hufungua shahada, kwa hiyo asiridhike na kupita tu. Akianza mara moja atamaliza akiwa na miaka 31 au 32. Tunahesabu hivi kwa sababu Bodi ya Mikopo imekuwa ikiweka kikomo cha miaka 35 kwa mwombaji, na kudai awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mwongozo hutoka kila mwaka. Ausome wa mwaka atakaoomba. Stashahada mpya itamweka ndani ya ile miaka mitano. Umri hauna dawa, ndiyo maana tunasema asingoje mwakani.

SWALI: Nina miaka 41, nimemaliza kifungo. Kidato cha sita nilifaulu somo moja tu kwa kiwango cha juu, jingine nikapata S, ule ufaulu mdogo. Nimechelewa? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Kwa mkopo, ndiyo. Kwa masomo, hapana, ndugu yetu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Tanga na kinatoa kozi ya msingi, ya kumwandaa mtu kwa shahada, kwa watu wa hali yako. Nenda kituoni na matokeo yako, waambie unataka shahada gani, wakuoneshe masomo ya kuchukua, maana ukikosea kundi la masomo kozi haitakufikisha kwenye shahada unayoitaka. Utasoma huku unafanya kazi. Uliza pia kama kazi unayoilenga inadai hati ya polisi ya tabia njema, ile ya alama za vidole. Uliza kabla ya kuchagua fani.

SWALI: Kamati yetu imechanga fedha kuwasomesha vijana wawili waliotoka gerezani. Tuwape mkononi? (Katibu, Pongwe)

JIBU: Ada ilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo, na risiti abaki nayo kijana. Nauli na bando la simu mpeni mwenyewe, kila wiki. Wengi huacha kwa kukosa nauli ya daladala ilhali ada imeshalipwa. Na barua ya udhamini iseme kamati inamlipia mwanafunzi fulani, basi. Habari za gereza ni zake, atazitoa akitaka.