Usilipe hiyo magi kabla hujatazama kitako chake

Mkuu, usilipe. Hizo euro 350 ziache mfukoni mpaka umalize kusoma hapa. Umesema umeona magi ya bia ya kaure ya askari wa Kijerumani pamoja na kiko chake, gulio ni Jumamosi, na unataka kujua kama bei ni ya haki, bati la kifuniko linasafishwaje na utavifikishaje Dar bila kuvunjika. Nilipoona picha uliyoweka nilishtuka. Inafanana kabisa na ile niliyouziwa mimi.

Nilikuwa nasoma huko huko Ujerumani, 2014. Nikaingia kwenye duka la vitu vya kale, mwenye duka mzee mpole, kanikaribisha hadi kahawa. Akanishikisha magi ya nusu lita: kifuniko cha bati chenye kisanamu cha askari juu, jina la mwenyewe kwa herufi za kizamani, ubavuni orodha ya majina ya wenzake, kikosi cha askari wa miguu, 1906 hadi 1909. Akanieleza kwamba vijana walijinunulia magi hizi wakimaliza utumishi wao jeshini, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hapo alisema kweli, desturi hiyo ilikuwepo, na magi ya namna hiyo Wajerumani wanaiita Reservistenkrug. Uongo ulianza aliponiambia kwamba hii ya kwake ni mojawapo. Nikatoa euro 420, pesa niliyoweka kwa ajili ya tiketi ya kwenda nyumbani Desemba. Mama nikamwambia masomo yamebana.

Magi ilikaa kabatini miaka miwili nikiionyesha kila mgeni. Siku moja nikampelekea mzee mmoja aliyezikusanya tangu ujana wake. Majina hata hakuyasoma. Alifungua kifuniko, akaielekeza dirishani, akaniambia, "Chungulia ndani." Kitako cha kaure kina picha iliyochongwa kwa unene tofauti, haionekani mpaka mwanga upite. Inaitwa litofani. Nikachungulia, nikaona mwanamke uchi. Mzee akafunga kifuniko akanirudishia bila kusema kitu, nami nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

Magi za kweli zina picha za heshima kitakoni: askari anaagana na mchumba wake, au watu wamekaa wanakunywa. Wanawake uchi waliwekwa kwenye nakala zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya watalii, hasa kuanzia miaka ya 1960. Halafu mzee akanionyesha ile miaka. Tangu 1893 askari wa miguu alitumikia miaka miwili. Mitatu ilikuwa ya wapanda farasi na wanamaji. Yangu ilikuwa ya askari wa miguu na ilihesabu mitatu! Kosa limeandikwa kwa rangi ya dhahabu, nami nimelisoma miaka miwili nikilifurahia.

Cheka ukipenda, lakini yule mwenye duka alijua. Mtu aliyeishi na vitu hivi maisha yake yote hawezi kukosa kujua maana ya picha ile. Alinipa hadi karatasi yenye mhuri ya kuthibitisha umri. Mhuri wa nani? Wa duka lake mwenyewe! Alimwona kijana mgeni mwenye hamu, akamkamua. Bado namkasirikia. Na wanaoandika humu kwamba bati zito ni dalili ya uzee, tafadhali acheni, nakala nazo zina bati, tena zito.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujataja bei, fungua kifuniko, inua magi kwenye mwanga, tazama kitako. Ukiona mwanamke uchi, ondoka. Ukiona picha ya heshima, usishangilie bado, maana zipo nakala zenye picha za heshima pia. Hapo soma kikosi na uhesabu miaka. Bakuli la kiko nalo huandikwa kikosi na miaka, lihesabu vilevile. Muuzaji akikukataza kuinua magi kwenye mwanga, umeshapata jibu lako.

Picha zote ulizoweka ni za ubavuni. Piga moja ya ndani, kifuniko wazi, kitako kikitazama jua, uiweke hapa kabla hujatoa hata senti. Nitakuwa hewani Jumamosi tangu asubuhi.