Usiokoke Upya Kila Mkutano: Ushauri kwa Anayeuliza Kama Wokovu Hupotea

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, na kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa wale wanaosimama kando ya jukwaa kwenye mikutano ya injili ili kuwapokea watu wanaokuja mbele baada ya mwaliko. Aliyefanya kazi hiyo analijua jambo ambalo wahubiri wageni hawapati nafasi ya kuliona, kwa kuwa wao huondoka Jumapili jioni: wengi wa wanaokuja mbele walikuja pia mwaka jana, na mwaka juzi. Sala ya toba wanaijua kwa moyo, hata humtangulia anayewaongoza. Ukimwuliza mmoja wao kwa upole kwa nini amekuja tena, atakujibu kwamba aliokoka, kisha akaanguka, wokovu ukamtoka, na sasa anataka kuokoka upya. Ushauri ninaoutoa hapa umetokana na mazungumzo hayo, na kwa sehemu kubwa unamhusu mtu huyo.

Kwanza ajue kwamba makanisa hayalijibu swali lake kwa namna moja, na kwamba tofauti hiyo si ya jana. Katika ukoo mmoja unaweza kumkuta shangazi Mkatoliki, ambaye kanisa lake lilitamka katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547 kwamba neema ya kuhesabiwa haki hupotezwa kwa dhambi ya mauti na hurudishwa kwa sakramenti ya kitubio; mkwe Mpresbiteri, aliyerithi mafundisho ya Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 hadi 1619 na ya Ungamo la Westminster, kwamba aliyeitwa na Mungu kweli aweza kuanguka vibaya kama Daudi na Petro, lakini Mungu hatamwacha apotee kabisa; na kijana anayesali kwa Wapentekoste, ambako kwa kawaida hufundishwa kwamba mtu aliyeokoka aweza kuuacha wokovu wake. Watatu hawa wakikutana msibani wanaweza kubishana hadi usiku wa manane, kila mmoja na mstari wake, na hakuna atakayemshinda mwenzake kwa kuwa mistari yote imo katika Biblia ileile. Yohana 10:28 inasema kondoo wa Kristo “hawatapotea kamwe.” Wagalatia 5:4 inawaambia watu waliokuwa ndani ya kanisa kwamba “mmeanguka na kutoka katika hali ya neema.”

Sisi Walutheri tuna maneno mafupi katika kifungu cha 12 cha Ungamo la Augsburg, tamko letu la imani la mwaka 1530, nami nayathamini kwa sababu yanakataa makosa mawili kwa pumzi moja. Yanawakataa wanaosema kwamba mtu akishahesabiwa haki hawezi tena kumpoteza Roho Mtakatifu, na palepale yanawakataa Wanovatiani, ambao hawakutaka kuwapa ondoleo walioanguka baada ya ubatizo. Wabishi wengi niliowasikia hushika nusu moja tu ya kifungu hicho, kwa kawaida ile inayomgusa jirani.

Habari ya Wanovatiani inastahili kusimuliwa kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo swali letu lilipoacha kuwa la vitabuni, tena katika ardhi ya Afrika. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Roma watoe sadaka kwa miungu na wapate hati ya kushuhudia kwamba wametoa. Huko Karthago, mahali pa Tunisia ya leo, Wakristo wengi walitoa sadaka. Wengine hawakuigusa madhabahu, bali walijipatia hati kwa fedha. Dhiki ilipopungua, watu hao walirudi kanisani. Baadhi walikuja na barua za waliofungwa kwa ajili ya imani, wakataka wapokewe mara moja bila kuulizwa neno. Roma nako kasisi aliyeitwa Novatian alishikilia kwamba kanisa halina mamlaka ya kuwapokea tena, watubu wasitubu. Cyprian, askofu wa Karthago, ambaye mwenyewe alijificha wakati wa dhiki na akalaumiwa kwa hilo, alizikataa njia zote mbili. Mwaka 251 maaskofu wa Afrika walikutana wakaamua kwamba kila mtu asikilizwe kwa jambo lake, aliyenunua hati asihesabiwe sawa na aliyetoa sadaka, na toba ichukue muda. Dhiki nyingine ilipokaribia waliulegeza uamuzi huo na kuwapokea wote waliokuwa wakitubu, wakisema kwamba huwezi kumtaka mtu aimwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku unamnyima damu ya Kristo mezani pa Bwana. Cyprian mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258.

Katika kisa hicho chote, hakuna aliyewaambia walioanguka kwamba wabatizwe upya. Walikuwa wamemkana Kristo hadharani, jambo zito kuliko mengi yanayowaleta watu mbele kwenye mikutano yetu, na bado kanisa liliwarudisha bila kuwaanzisha tena. Tofauti kati ya kurudi na kuanza upya ndiyo ninayotaka msomaji aishike.

Kwa usomaji wangu, Maandiko hayamjui mtu aliyepokonywa wokovu usingizini, au aliyeamka asubuhi akakuta umetoweka kwa sababu ya hasira ya jana. Yanawajua watu walioondoka. Dema, asema Paulo, “aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa.” Wagalatia walikuwa wanajitafutia haki kwingine. Mkwe wetu Mpresbiteri atasema kwamba wanaoondoka hivyo moja kwa moja hawakuwa wa kwetu tangu mwanzo, naye anao mstari wa 1 Yohana 2:19. Mimi naona kwamba mtu aweza kweli kuiacha imani aliyokuwa nayo kweli, lakini sitaupoteza usiku kwa ubishi huo, maana mwenye kuja mbele akilia sote tunamjibu neno lilelile: “wala yeyote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe.”

Kwa nini basi nasema asiokoke upya kila mkutano? Kwa sababu sala ya jumla, inayosemwa kwa pamoja na watu mia mbili, humruhusu mtu kupita kando ya jambo lake. Nilimpokea mara kadhaa bwana mmoja aliyekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mambo mengine ya habari yake sitayataja. Kila mwaka alilia kwa dhati, na kila mwaka aliondoka na furaha ya wiki mbili tatu. Nilipomwomba asiseme “mimi ni mwenye dhambi” bali ataje jambo lenyewe, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba fedha za kikundi alizikopa bila wenzake kujua. Wokovu wake sikuuzungumzia hata kidogo siku ile. Tulizungumza juu ya kikao cha kikundi, nani amweleze mwenyekiti, na fedha zitalipwa kwa awamu zipi. Kikao kilikuwa kigumu, na wapo wanakikundi ambao hadi leo hawamsalimii.

Jambo hili wazee wa Uamsho walilijua vizuri kuliko sisi. Uamsho ule ulioanzia Rwanda na Uganda, ambao katika miaka ya 1930 ulienea kutoka hospitali ya Gahini na kufika mpaka kwetu Tanganyika, ulikuwa na desturi ya mtu kuitaja dhambi kwa jina lake mbele ya ndugu, kurudisha alichoiba, na kumwendea aliyemkosea, ndipo ndugu walipomwimbia “Tukutendereza Yesu,” yaani “Tunakusifu Yesu” kwa Kiganda. Waliita maisha hayo kutembea nuruni, kwa maneno ya 1 Yohana 1:7. Uamsho ulikuwa na mapungufu yake, hasa ukali kwa wale ambao hawakusimulia ushuhuda kwa mtindo wao, lakini hapo walikuwa sahihi. Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, tuliyoikariri kwenye mafundisho ya kipaimara, inafundisha vivyo hivyo: ubatizo ni mmoja, na toba ni ya kila siku.

Kuna pia ndugu wanaochanganya wokovu na nidhamu ya kanisa. Katika sharika zetu mtu aliyetengwa, labda kwa sababu anaishi na mwenzake bila ndoa, hazuiwi kusali, ila hashiriki Chakula cha Bwana mpaka siku ya kurudi kundini. Nimewasikia watu wa namna hii wakisema kwamba jina lao limefutwa mbinguni, kana kwamba daftari la mwinjilisti na kitabu cha uzima ni kitu kimoja. Baraza la wazee halina kalamu hiyo. Likimtenga mtu, linamwambia kwamba jambo lake halijatengenezwa, na kwamba lengo ni kulitengeneza. Kama wazee wamesahau lengo hilo na kumwacha nje miaka mingi bila kumtembelea, lawama ni yao, naye anayo haki ya kwenda kwa mchungaji kuomba asikilizwe.

Ukiwa umesoma Waebrania 6:4-6 na hofu imekushika, isome sura yote hadi mwisho. Ni kweli kwamba inasema haiwezekani kuwafanya upya tena ili watubu wale waliopewa nuru wakaanguka, na sitaki kuupunguza ukali wake. Lakini mwandishi huyohuyo, katika mstari wa tisa, anawageukia wasomaji wake na kuwaambia, “Lakini, wapenzi, ijapokuwa twanena hayo, katika habari zenu tumesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, na yaliyo na wokovu.” Anawaonya watu walio hatarini kumpa Kristo kisogo. Mtu anayelala macho wazi akitamani kurudi kwa Kristo hajampa kisogo, na hofu yake yenyewe inaonyesha uso wake umeelekea wapi. Nasema hivyo hivyo juu ya dhambi ya kumkufuru Roho Mtakatifu katika Marko 3: aliyeogopa hata akaja kuuliza, sijaona sababu ya kumhesabu miongoni mwa waliokuwa wakibishana na Yesu siku ile.

Wapo wachache ambao maneno haya yote hayawasaidii. Unawaeleza, wanakubali, na kesho asubuhi wamerudi na swali lilelile. Wanaichunguza mioyo yao kama mtu anayejipima presha kila baada ya saa moja, na ambaye kwa sababu hiyo presha yake haishuki. Hapa nashauri kwa uzito kwamba familia iwapeleke hospitalini na pia iendelee kuwaombea, kwa maana msongo wa mawazo na wasiwasi uliopita kiasi huvaa nguo za dini kwa watu wa dini. Mshairi Mwingereza William Cowper, aliyeishi Olney karibu na rafiki yake mchungaji John Newton na kutunga naye nyimbo ambazo makanisa huimba hadi leo, aliamini fundisho kwamba Mungu hawaachi walio wake. Hata hivyo, baada ya kuugua tena mwaka 1773 alishikwa na uhakika kwamba yeye peke yake amekataliwa, na uhakika huo ulimwandama, ukipungua na kurudi, hadi alipofariki mwaka 1800. Fundisho lilikuwa kichwani mwake, ila ugonjwa haukulisikiliza. Newton hakuchoka kumwendea wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba, na huo ndio mwenendo ninaowaomba washauri wenzangu wauige.

Kwa asiyeogopa nina maneno machache. Kuna anayeuliza kama wokovu hupotea kwa sababu tayari amepanga safari ya mwisho wa wiki na mtu asiye mkewe, naye anatafuta mzee wa kanisa wa kumhakikishia kwamba hakuna kitakachoharibika. Huyo simpi Yohana 10. Namsomea Warumi 6, “Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!” na kumwacha nayo. Hata Wapresbiteri, ambao fundisho lao huwa linatumiwa vibaya kwa namna hii, wameandika katika Ungamo la Westminster kwamba muumini anayeanguka hivyo humhuzunisha Roho, huufanya moyo wake kuwa mgumu, huwaumiza wengine na hujiletea hukumu za hapa duniani. Hakuna kanisa ninalolijua linalouza kibali anachokitafuta.

Wanaoniuliza kwa uchungu zaidi, hata hivyo, huwa hawajiulizii wenyewe. Ni wazazi. Mwana wao alibatizwa, akapata kipaimara, akaimba kwaya, kisha akaenda chuo au mjini na sasa hataki kusikia habari za kanisa. Wanataka kujua kama bado ameokoka. Siwajibu ndiyo wala hapana, kwa sababu swali hilo nimejifunza kumwachia mwenye kondoo. Wala msibani simruhusu mtu atangaze hukumu ya marehemu, awe anamtuma mbinguni au kwingine. Kwa aliye hai nashauri hivi: msimtumie mistari ya Waebrania kwa simu kila Jumapili asubuhi, kwa kuwa ataacha kuzifungua jumbe zenu. Mwombeeni kwa jina. Akija nyumbani likizo, msimpangie kikao na mchungaji bila yeye kujua. Mpikieni anachokipenda, mkaombee chakula kama mlivyozoea kuomba tangu akiwa mdogo, bila kurefusha sala ili imfikie, na akianza mwenyewe kuuliza maswali, hata yale ya kejeli, mjibuni lile mnaloliweza.