Kijana mwenye usonji anamlilia paka wake: je, ni haramu?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mwanangu ana miaka 15 na ana usonji. Tunaishi Nyalenda, Kisumu. Siku tisa zilizopita paka wake aligongwa na bodaboda, babake akamzika nyuma ya nyumba bila kijana kuonyeshwa. Tangu hapo kila jioni, saa ile aliyokuwa akimpa omena, analia, anajipiga kichwani na kuuliza, "Yuko wapi?" Nilimwambia amelala. Sasa hataki kulala. Ustadhi wake amemchapa, akisema kumlilia mnyama ni haramu, kuzidisha siku tatu ni haramu, na kujipiga ni Ujahiliya, desturi za kabla ya Uislamu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Allah amtulize mwanao, akupe na wewe nguvu.

Nianze na ustadhi, maana ameshika hadithi sahihi akazipachika pasipo pake. Ni kweli Mtume (s.a.w.) alisema si katika sisi anayejipiga mashavu, akararua nguo na kuita miito ya Kijahiliya. Huyo ni mtu anayeonyesha kwa hiari yake kuikataa kadari. Kijana wako anapojipiga, huzuni imemlemea, ratiba yake imevunjika, na maneno ya kuyatoa hayo hana. Sisemi kila mwenye usonji ameondolewa kalamu, yaani haandikiwi dhambi. Wapo wanaofahamu, wanaswali na kufunga kama mimi na wewe, na kila mmoja hupimwa kwa ufahamu wake. Lakini hata mwenye ufahamu kamili hahesabiwi kwa jambo lililomshinda kabisa. Bakora hapo inafundisha nini, zaidi ya kuogopa madrasa?

Siku tatu nazo zinahusu mwanamke kuacha mapambo kwa maiti asiyekuwa mumewe. Hazikuwekewa machozi. Nabii Yaaqub alihuzunika mpaka macho yakawa meupe (Yusuf: 84), naye ni Nabii.

Ama kumhuzunikia mnyama, ustadhi amesahau Abu Umayr, mtoto, mdogo wake sahaba Anas. Alikuwa na kindege akicheza naye, kikafa. Mtume akamkuta amenyong'onyea, akamuuliza: "Ewe Abu Umayr, kimefanya nini kindege?" Hakumwambia ni ndege tu. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi, alitoa faida 60 katika hadithi hiyo fupi. Sisi hata moja inatushinda.

Sasa ni zamu yako, dada. "Amelala" umelisema kwa huruma, lakini wengi wenye usonji hulichukua neno kama lilivyo. Ikiwa aliyelala hufukiwa, yeye atalalaje? Ukisema amesafiri, atamngoja mlangoni. Ukisema Mungu alimpenda akamchukua, ataogopa kupendwa na Mungu. Mwambie: "Nilikosea. Anayelala hupumua, na huamka. Paka amekufa. Moyo wake umesimama. Hasikii njaa wala maumivu. Hatarudi. Wewe hukukosa." Nyumba nzima iseme maneno hayohayo, hata akiuliza mara ishirini, anatafuta uhakika, hafanyi ukaidi. Yaandike, sentensi moja kwa ukurasa, pamoja na mchoro, akae nayo. Akiuliza kuhusu Akhera, msimwahidi msilolijua: wanyama watakusanywa kwa Mola wao (Al-An'am: 38), na wafasiri wengi wanasema kisha watakuwa udongo.

Mwonyesheni alipozikwa, muweke jiwe. Msimfukue. Mnyama haoshwi, havishwi sanda wala haswaliwi, na hitima hana. Kumfunga kitambaa tu hakuna ubaya. Wengine wanaosoma: chimbeni futi tatu hivi, mbwa wasifukue, na mbali na kisima, hasa penye maji ya karibu kama Nyalenda. Vaeni glavu. Mnyama aliyeonyesha dalili za kichaa cha mbwa kabla ya kufa msimguse, mwiteni afisa wa mifugo.

Saa ya omena ndiyo ngumu kwa sababu saa imebaki na paka hayupo. Bakuli lisiondolewe ghafla. Muulize kama angependa, saa hiyohiyo, kuwapelekea omena paka wa mtaani. Kumhudumia kila chenye uhai kuna ujira, na hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Akikubali, mchoree jambo hilo siku moja kabla. Akikataa au ikimzidishia, acheni. Anapojipiga, zimeni redio, punguzeni watu na maneno, wekeni mto kati ya kichwa na ukuta. Mawaidha si ya saa hiyo. Na msishangae akitulia wiki mbili kisha kilio kikarudi, au akicheka akimtaja paka. Ila kujipiga kukizidi, au akiendelea kukosa chakula au usingizi, msingoje: mpelekeni hospitali ya rufaa akaonwe na daktari wa akili.

Paka mwingine asiletwe kwa kumshtukiza, wala asipewe jina la yule wa kwanza. Aletwe siku kijana atakapomtaka mwenyewe.

Jibu hili mpe ustadhi alisome kabla kijana hajarudi darasani. Akiwa na hoja, aje tuzungumze.

Wallahu a'lam.