Maswali ya Wasomaji: Kasba ya Algiers Iliyojengwa Ufaransa

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Nilipokuwa Malindi kwa shemeji yangu nilitazama filamu ya zamani ya Kifaransa, Pépé le Moko, inayomhusu jambazi wa Kifaransa aliyejificha Kasba, mji mkongwe ulio juu ya bandari ya Algiers. Vichochoro vyake na madari yake yaliyoshikana vilinikumbusha kwetu Mkomani. Je, filamu ile ilipigwa Algiers kweli? Mbona wenyeji wa mji hawasemi? Na yule bibi aliyekuwa melini hakumsikia Pépé akimwita, au alijitia hamnazo? Shemeji naye, aliyeitazama zamani kwa Kiingereza, ashikilia kwamba jambazi yule alipigwa risasi na polisi, ilhali mimi nimemwona kwa macho yangu akijichoma kisu. — Msomaji, Mkomani, Lamu.

JIBU: Waaleikum salaam. Filamu hiyo iliongozwa na Julien Duvivier na ikaanza kuonyeshwa mwaka 1937, wakati sinema yenye sauti ilikuwa bado changa nchini Ufaransa. Sehemu kubwa ya Kasba uliyoiona haiko Algiers hata kidogo. Ilibuniwa na Jacques Krauss na kujengwa ndani ya studio za Pathé huko Joinville, karibu na Paris, kisha ikachanganywa na picha za mji wenyewe, hasa pale mwanzoni, afisa wa polisi anapowaeleza wageni kutoka Paris kwamba mahali panapostahili watu 10,000 wanaishi 40,000. Kazi ya kuunganisha vipande hivyo ni nzuri kiasi kwamba sikushangai ulivyodanganyika.

Hata hivyo, mtu wa Lamu ana jicho la kuitambua kasoro moja. Madari ya Mkomani, na zile wikio zinazovuka juu ya njia kutoka nyumba hadi nyumba, yaliwafaa sana akina mama, ambao waliweza kutembeleana bila kushuka njiani. Kasba nayo ilikuwa na desturi ya namna hiyo, kwani dari ilikuwa himaya ya wanawake. Katika filamu, Pépé na wenzake wanayapita madari hayo kama njia kuu, wala hakuna mwenye nyumba anayeuliza. Mwanamume mgeni akirukaruka juu ya madari ya Mkomani saa za alasiri angefikishwa kwa kadhi kabla hajafika pwani.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili, nami nakubaliana na manung'uniko yako. Ufaransa iliuteka mji wa Algiers mwaka 1830, na filamu hii iliwatazama wenyeji kama walivyotazamwa na waliowatawala: wamejaa njiani, lakini hadithi si yao. Hata wahusika wawili muhimu wanaopaswa kuwa wenyeji walipewa waigizaji wa kutoka ng'ambo. Inspekta Slimane, yule mwenye tarbushi na tabasamu la subira, aliigizwa na Lucas Gridoux, mzaliwa wa Romania. L'Arbi, mpasha habari, aliigizwa na Marcel Dalio, mzaliwa wa Paris. Mwenyeji anayesikika vizuri humo haonekani kabisa, naye ni Mohamed Iguerbouchène, mtunzi wa Kikabili kutoka Algeria, aliyetunga muziki wa filamu hiyo pamoja na Vincent Scotto wa Marseille. Ukitaka kuwasikia wakazi wa Kasba wakisema wenyewe, itafute filamu ya Gillo Pontecorvo ya mwaka 1966, inayohusu vita vya kuupigania uhuru uliopatikana mwaka 1962, kwani hiyo ilipigwa katika vichochoro vyenyewe na wakazi wengi wakaigiza.

Kwa maoni yangu, filamu ya Duvivier ni ya kusikilizwa zaidi kuliko kutazamwa. Rudia pale Régis, msaliti, anapokabiliwa na kijana Pierrot, ambaye Régis alimponza kwa barua ya uongo iliyodaiwa kutoka kwa mama wa kijana huyo. Pierrot yu mahututi, wenzake wamemshikilia ili asimame na bastola yake. Régis anarudi nyuma, jasho likimtoka, hadi anaigonga piano ya kujipiga yenyewe, nayo inaanguruma muziki wa furaha wakati risasi zinamwingia. Mwongozaji wa enzi ya filamu bubu asingeweza kukitia kicheko hicho cha mashine ndani ya kifo. Msikilize pia Tania, anayeigizwa na Fréhel, mwimbaji aliyekuwa na jina kubwa ujanani mwake: anaiweka santuri yake ya zamani, kisha anaimba sambamba nayo huku akiitazama picha yake ya usichana iliyo ukutani, na machozi yanamdondoka.

Basi tukija kwa Gaby, yule bibi wa melini, hakumsikia, wala hakujitia hamnazo. Kumbuka kwamba Slimane alikwisha kumwambia kuwa Pépé amekufa, ndiyo maana akakubali kusafiri. Pépé, akiwa amefungwa pingu nyuma ya vyuma vya lango la bandari, anamwita kwa jina. Wakati uleule honi ya meli inalia na kuimeza sauti yake, na Gaby anaziba masikio kwa sababu ya kelele hiyo, macho yake yakiwa juu kwenye Kasba. Wapo wanaoona kuwa mwandishi alitafuta njia ya mkato. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa watu hawa wawili walipendana kwa kusikilizana: kumbuka walivyotajiana majina ya vituo vya treni ya chini ya ardhi ya Paris, kimoja baada ya kingine, mpaka wakakitamka kwa pamoja kile cha Place Blanche.

Kuhusu shemeji, mwache, hakukosea. Aliyoitazama ni filamu nyingine, Algiers, iliyotengenezwa Hollywood mwaka 1938, Charles Boyer akiwa Pépé na Hedy Lamarr akiwa Gaby. Iliifuata ile ya Kifaransa hatua kwa hatua, hata ikatumia muziki wake na baadhi ya picha zake za mji. Lakini mwisho ulibadilishwa, kwa kuwa kanuni za maadili zilizoibana sinema ya Marekani wakati huo hazikupenda shujaa ajiue ili kuepuka sheria. Kwa hiyo Boyer anakimbia kuelekea melini na polisi wanampiga risasi. Aliyejichoma kisu ni Jean Gabin katika ile uliyoiona wewe, na hiyo ndiyo ya kwanza.