Unayeanza kusoma barua za zamani za Australia, anza na mgongo wa karatasi

Karibuni. Mmekuja kusoma na kunakili barua zilizoandikwa Sydney, Hobart, Perth na kwingineko kabla makoloni ya Australia hayajaungana kuwa nchi moja mwaka 1901. Najua mtakachofanya mkikaa mbele ya kompyuta: mtafungua picha ya barua, mtatafuta salamu, na mtaanza kusoma kuanzia hapo. Msianzie hapo. Geuzeni karatasi kwanza, msome mgongo wake.

Barua nyingi za kabla ya miaka ya 1840 hazina bahasha. Posta ya Uingereza ilitoza kwa idadi ya karatasi, na bahasha ingehesabiwa kuwa karatasi ya pili. Basi mtu alichukua karatasi moja kubwa, akaikunja katikati ikawa kurasa nne, akaandika tatu, na ya nne akaiacha kwa ajili ya anwani. Kisha akaikunja tena na tena mpaka ikaenea kiganjani, akachomeka upande mmoja ndani ya mwingine, akadondosha lakiri na kugandamiza muhuri wake. Kilichobaki nje ndicho ninachokiita mgongo. Katikati pana jina la mpokeaji. Chini kushoto mara nyingi pana jina la meli, au la mtu aliyekabidhiwa barua mkononi. Na juu ya anwani yenyewe utakuta tarakimu kubwa, iliyochorwa kwa haraka bila kujali inafunika nini. Hiyo si tarehe wala namba ya nyumba. Ni nauli. Kwa desturi ya wakati ule, wino mweusi ulionyesha kwamba mpokeaji ndiye atakayelipa, na mwekundu kwamba mtumaji amekwishalipa.

Hesabu yake mtaizoea. Peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni, na peni huandikwa kwa herufi "d", kifupisho kilichotoka kwa Warumi na denarius yao. Sisi tuliokulia kwenye shilingi ya senti mia tukiona 1/3 tunasoma theluthi. Ni shilingi moja na peni tatu.

Angalieni pia tundu. Mpokeaji alipokuwa na pupa alivuta karatasi ikachanika, na kipande kikabaki kimenata chini ya lakiri. Kwa hiyo ukikuta sentensi imekatika ukingoni mwa ukurasa wa tatu, usikimbilie kubuni neno linalofaa. Tafuta lakiri ilipo upande wa pili. Mara nyingine neno lako limelala pale pale, kichwa chini. Likikosekana, andika kwenye mabano kwamba pamechanika, uendelee. Na ukikuta maandishi yamepandiana, mistari mingine imelala na mingine imesimama juu yake, ujue mtu alikuwa anabana nauli. Alimaliza ukurasa, akaugeuza robo, akaandika tena juu ya yale yale. Zungusha picha, soma upande mmoja hadi mwisho, ndipo uingie wa pili. Ukijaribu kusoma pande zote kwa pamoja utaumwa kichwa bure.

Nasisitiza mgongo kwa sababu ndio unaoeleza barua ilipita mikononi mwa nani, na Sydney ya mwanzo hilo halikuwa jambo dogo. Kundi la kwanza la meli za wafungwa kutoka Uingereza lilifika Januari 1788. Kwa miaka 21 iliyofuata hapakuwa na posta. Meli ikitia nanga, watu walipanda wenyewe kudai barua zao, na wengine walidai za wenzao: mtu anataja jina lisilo lake, anapewa barua, anapewa na kifurushi, anatokomea. Malalamiko yalipozidi, serikali ikamteua Isaac Nichols mnamo Aprili 1809. Ni yeye tu aliyeruhusiwa kwenda melini kuchukua barua, kisha wenyewe wazifuate nyumbani kwake, kwenye barabara iitwayo leo George Street. Alitoza shilingi moja kwa barua.

Huyu Nichols aliletwa koloni mwaka 1791 akiwa mfungwa, amehukumiwa miaka saba kwa wizi. Wageni wote hucheka wakifika hapa. Mimi naona mamlaka hazikukosea. Kifungo chake kilikuwa kimeisha siku nyingi, alikuwa na ardhi na biashara, na mtu mwenye nyumba kubwa inayojulikana na kila mtu hawezi kutokomea na kifurushi cha jirani. Aliishika kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1819.

Jambo la kufaidi hapa ni orodha zake. Majina ya watu ambao barua zao zilikuwa zikisubiri yalichapishwa kwenye Sydney Gazette, gazeti lililoanza mwaka 1803, na gazeti hilo lote linasomeka bure kwenye Trove, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Wanafunzi wengi huziruka, maana ni safu za majina tu. Msiziruke. Barua yenyewe imepotea, lakini jina la mfungwa fulani likitokea pale, umejua kwamba ng'ambo ya bahari kuna mtu aliyekuwa bado anamwandikia. Likitokea mara ya pili na ya tatu kwenye matoleo yanayofuata, pengine hakufika kuichukua: yuko mbali, amekufa, au hana hiyo shilingi.

Sasa suala la wakati, ambalo huwaponza hata waliosoma historia chuoni. Mnasoma barua ya Sydney ya Machi na jibu la London la Aprili mwaka ule ule, mnaziweka pamoja kama mazungumzo. Haiwezekani. Safari ya upande mmoja kwa matanga ilikuwa ya miezi, mara nyingi mitano hadi minane, na kuuliza na kujibiwa kulichukua mwaka na zaidi. Watu wa kundi la kwanza waliondoka Portsmouth Mei 1787 na hawakupata barua kutoka nyumbani hadi tarehe 3 Juni 1790, ilipoingia meli ya Lady Juliana ikiwa imebeba wafungwa wanawake. Miaka mitatu. Watkin Tench, ofisa wa jeshi aliyekuwepo, ameacha maelezo ya siku ile: habari zilimiminika zote kwa mpigo, ugonjwa wa Mfalme George III na kupona kwake, mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, na balaa la Guardian, meli ya msaada iliyogonga mwamba wa barafu Desemba 1789 ikiwa njiani kuwaletea chakula. Kwa hiyo barua ya Sydney ya Mei 1790 inayolalamika kwamba serikali imewatupa imeandikwa na mtu asiyejua kwamba meli ilitumwa na kwamba ilipata ajali. Ukimsoma kwa ujuzi wako wewe, utamwona mnung'unikaji.

Dawa yake ni ya kiofisi tu. Kila barua iwekee tarehe mbili: ilipoandikwa na ilipopokelewa. Ya pili mara nyingi iko mgongoni, kwa mwandiko mwingine, maana wapokeaji wenye mpangilio, hasa makarani, waliandika pale "imepokelewa" na siku. Kisha jiulize mwandishi alikuwa ameona meli gani ya mwisho. Mtakutana pia na vifupisho vya Kilatini ndani ya barua: "inst." ni mwezi huu, "ult." ni mwezi uliopita, "prox." ni mwezi ujao. Barua ya tarehe 4 Februari ikitaja "the 28th ult." inasema Januari 28. Ni jambo dogo, lakini nimeona ratiba nzima za matukio zikipinda kwa sababu yake.

Kwa barua rasmi kuna ziada. Magavana walijua meli huzama, kwa hiyo walituma nakala mbili au tatu za waraka mmoja kwa meli tofauti. Ukikuta waraka ule ule mara mbili, usifute mmoja ukidhani ni marudio. Linganisha. Viambatisho vinaweza kutofautiana, na tarehe za kupokelewa karibu daima zitatofautiana.

Mvuke ulipokuja, mgongo ulibadilika lugha. Kuanzia mwaka 1852 meli za kampuni ya P&O zilibeba barua za Australia kupitia Galle kule Ceylon, Aden na Suez, na kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1869 mifuko ilivushwa Misri kwa nchi kavu hadi Alexandria. Hapo mtaona "via Southampton" au "via Marseilles" juu ya anwani. Ya Marseilles ilikatiza Ufaransa, ikawahi, na ikagharimu zaidi. Mtu maskini aliyelipia Marseilles alikuwa na sababu. Itafuteni ndani ya barua.

Baada ya mgongo, mkono. Kabla ya kuuliza barua inasema nini, uliza nani alishika kalamu. Mfano ninaowapa wote ni barua ya Bennelong ya tarehe 29 Agosti 1796. Bennelong alikuwa Mwangal, yaani mtu wa kabila la Wangal, wenyeji wa eneo la Sydney, aliyekamatwa mwaka 1789 kwa amri ya Gavana Phillip, akaenda naye Uingereza mwishoni mwa 1792 na kurudi 1795. Barua yake, inayohesabiwa kuwa maandishi ya kwanza ya Kiingereza ya Mwaborijini yanayojulikana, anamwandikia Bwana Phillips, msimamizi wa nyumba ya Lord Sydney, mwanasiasa wa Uingereza. Anasema yuko salama na anakula kwa gavana. Anasema mke wake amechukuliwa na mwanamume mwingine, na kwamba alichomwa mkuki mgongoni lakini sasa hajambo. Hatakwenda tena Uingereza, yuko kwao. Anamshukuru mke wa Phillips kwa kumuuguza, na anaomba soksi, viatu na leso.

Wasomaji wengi huishia kwenye soksi, wakaona ni barua ya kuomba vitu. Wengi wetu tuliwahi kukaa na bibi jioni tukimwandikia barua ya kwenda kwa mjomba mjini, na tunajua ilivyo: yeye anasema, wewe unaandika, na katikati pana yale uliyoyalainisha, uliyoyaruka, na salamu ulizoongeza kwa sababu ulifundishwa shuleni kwamba barua huanza hivyo. Barua ya Bennelong nayo inaaminika alimtamkia mtu aliyeiandika, na asili yake haijapatikana. Iliyopo Maktaba ya Taifa, Canberra, ni nakala. Hiyo ni mikono miwili baina yako na yeye. Hata hivyo mpangilio ni wake: afya, ndoa, jeraha, kwao, shukrani, ndipo haja. Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kuandika barua ya heshima anautambua mpangilio huo, na soksi zinakaa mahali pake, baina ya watu waliolishana na kuuguzana.

Kinyume chake ni Margaret Catchpole, mfungwa kutoka Suffolk, Uingereza, aliyefika Sydney mwaka 1801 baada ya kuiba farasi na baadaye kutoroka gerezani. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, bila nukta, kila neno kama alivyolisikia. Barua zake zimo katika Mitchell Library, Sydney, na humo anasimulia mafuriko ya mto Hawkesbury ya mwaka 1806 kama mtu aliyeyaona. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa humpata kwa taabu kwa sababu macho yao yanasubiri tahajia ya kitabuni. Sisi tuliojifunza kusoma kwa silabi tuna bahati hapa. Msome kwa sauti, polepole, na maneno yatajitokeza. Ila msimsahihishe. Nakili kosa kama lilivyo. Lafudhi ya Suffolk imehifadhiwa ndani ya makosa yale.

Mtagundua pia kwamba mna nusu ya mazungumzo. Barua iliyotoka Australia ilikaa kwenye droo ya jamaa huko Uingereza, ikarithiwa, ikafika maktaba. Iliyokwenda kwa mfungwa ilisafiri naye kutoka shamba hadi shamba mpaka ikaisha. Nyaraka nyingi za upande wa Uingereza zilipigwa picha kuanzia mwaka 1948 katika mradi wa pamoja wa kunakili wa Australia, na sasa zimo kwenye Trove. Anzieni huko kabla ya kuandikia hifadhi yoyote barua ya maombi.

Stempu nimeziacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazovuta macho. Kwa kifupi: New South Wales ilianza na stempu za Sydney Views tarehe 1 Januari 1850, Van Diemen's Land, yaani Tasmania ya leo, ikatoa zake 1853, Western Australia na bata maji wake mweusi 1854. Yule bata maji maarufu wa 1855 anayesemwa kasimama kichwa chini, kwa kweli yuko wima. Kilichopinduka ni fremu. Kinachonivutia zaidi ni karatasi za James Raymond, postamasta wa Sydney, zilizouzwa kuanzia tarehe 1 Novemba 1838 zikiwa na mhuri wa kubonyezwa usio na rangi, kuonyesha nauli imelipwa. Hiyo ni miezi 18 kabla ya stempu ya kwanza ya Uingereza. Dazeni iliuzwa shilingi moja na peni tatu, na watu hawakuzichangamkia sana. Kwenye picha mhuri huo hauonekani kabisa kama mwanga umepigwa kwa mbele. Omba picha ya mwanga wa ubavuni.

Na wakusanyaji wa zamani walikuwa na tabia ya kukata kona yenye stempu. Nyuma ya kona hiyo palikuwa na maneno. Ukikuta barua ya namna hiyo, usiandike tu kwamba stempu haipo. Hesabu mistari ya upande wa ndani iliyokatwa, na uandike idadi yake kwenye kumbukumbu, kwa sababu kona zile bado zinauzwa minadani, na mara moja moja, moja hugeuzwa.