Jibu: Nyaraka za halmashauri na historia ya shule

Ndugu, umeeleza kuwa uliomba nyaraka "kuhusu shule" kwenye hifadhi ya halmashauri ukaambiwa hakuna. Huenda zipo, ila hazikupangwa kwa mada. Tangu waraka wa serikali ya Ufaransa wa 1841, watunza nyaraka wengi wamefuata kanuni ya kuweka pamoja karatasi zote zilizotokana na ofisi moja, bila kuzichanganya na za ofisi nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza si zinahusu nini, bali ni nani aliyeziandika na kwa kazi gani. Habari za ujenzi wa madarasa unaweza kuzikuta katika majalada ya fedha au ya ardhi, na mgogoro wa walimu katika mihtasari ya vikao. Mimi huanza na mihtasari, ingawa inachosha (kurasa nyingi ni za mahudhurio tu), kwa sababu hutaja tarehe na mara nyingine namba za majalada mengine. Hata hivyo, muhtasari huandika uamuzi na mara nyingi hunyamazia mabishano, hivyo ulinganishe na barua za kipindi hicho. Majalada yenye taarifa za watu binafsi huweza kufungwa kwa miaka mingi, uliza mapema.