Lile gome lifunge kwenye mfuko, uende nalo kwa daktari

Juzi msomaji wa Moshi kaniandikia: "Dada, mama anakohoa mwezi sasa, anakunywa dawa za kienyeji, hospitali hataki hata kuisikia. Nimfanyeje?" Ujumbe ulinikuta kwenye daladala. Nikashuka kabla ya kituo changu nimjibu, maana hayo ya mama yake ndiyo ya baba yangu.

Baba yuko Monduli. Alipoanza kukohoa, mimi ndiye niliyemnunulia osokonoi, gome la mti la dawa, kwa akina yeyo, yaani akina mama wa Kimaasai, wanaotandaza magome soko la Kilombero, Arusha. Siyaonei haya. Nimekua nikilitafuna gome hilo: linawasha ulimi kama pilipili, kifua kinafunguka, usiku unalala. Na supu ya mbuzi isiyo na olkiloriti, gome jingine la dawa, kwetu bado haijawa supu. Osokonoi inatuliza kweli, na hapo ndipo nilipopotea. Kikohozi kilipungua, nikanunua tena. Kikarudi, nikanunua tena. Jasho la usiku tukasema ni joto. Baba akazidi kukonda, tukasema ni uzee.

Mwishowe nikampeleka zahanati. Mhudumu akauliza anatumia dawa gani, baba akatoa kipande cha gome kwenye rubega. Yule mhudumu akacheka, akamgeukia mwenzake: "Hawa bado wanakula miti." Baba akalirudisha gome lake, akashika fimbo, akatoka bila neno. Mimi nami sikusema neno, na hilo linaniuma mpaka leo. Tukapoteza miezi miwili.

Ya katikati nayaruka. Alipotema damu ndipo makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Dawa ni bure, miezi 6. Wiki ile ya kwanza mkojo wake ukageuka rangi ya chungwa, ndugu wakaja juu kwamba tunamuua mzee. Kumbe ni rifampisini, dawa mojawapo ya kifua kikuu, inapaka rangi tu.

Hapo alitushika nesi mmoja mtu mzima. Alimwamkia baba shikamoo, akaliomba gome, akalinusa, akauliza: "Unachemsha au unatafuna? Mara ngapi kwa siku?" Kisha akamweleza kwamba vidonge vya kifua kikuu vinaweza kulielemea ini, na akichanganya na magome, ini likiumia hawatajua limeumizwa na nini. "Tulipumzishe kwanza, mzee, mpaka umalize vidonge." Baba aliyemshinda kila mtu akakubali palepale.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usimnyang'anye mama dawa zake. Gome, mzizi, unga, vyote vitie kwenye mfuko, viwekeni mezani kwa daktari kabla hajauliza. Semeni kila anachokunywa. Kikohozi kikifika wiki mbili, makohozi yapimwe, hilo halina mjadala. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi naye aende pia. Na jamani tuache kuficha! Nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, waganga wanasajiliwa, sasa gome tunalifichaje kama bangi? Semeni kila kitu. Nanyi wahudumu, mzee akikutolea gome mkononi amekuamini, usimcheke.

Akitokea wa kumcheka mama, usinyamaze kama mimi. Mwambie ampime kwanza. Halafu niandikie majibu ya makohozi, nayasubiri.